TUSINGOJE MPAKA PUMZI IISHE

Wako wenzetu wanaotuuliza kwa nini taarifa ya wafanya kazi wa reli iandike tena habari za Korona. Ugonjwa umepita, wanasema. Barakoa zimetupwa, watu wanapeana mikono, na Shirika la Afya la Dunia lilikwisha kutangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya hatari imekoma. Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu hivi: moto ukizimika, mwenye nyumba hurudi kutazama ulianzia wapi, na ni mlango gani uliokataa kufunguka watu walipotaka kutoka. Tulizika ndugu zetu. Mengi yaliyowaharakisha kaburini bado tunayo kazini, asubuhi na jioni, na yasipoondolewa yatatungojea ugonjwa mwingine.

Tena sisi watu wa reli tuna sababu yetu wenyewe ya kukumbuka. Mnamo Septemba 1918 homa kali ya mafua iliingia bandarini Mombasa kwa meli. Kutoka pale ilipanda gari la moshi pamoja na abiria, ikashuka stesheni kwa stesheni mpaka bara. Inakadiriwa kuwa watu kama 150,000 walikufa katika nchi hii. Ugonjwa wa namna hii husafiri na mtu anayesafiri, na kazi yetu ni kusafirisha watu na mali zao. Ukija mwingine, sisi tutakuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukutana nao.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020. Tarehe 13 Machi Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza katika Kenya, na tarehe 26 ya mwezi ule ule akatangazwa wa kwanza kufa. Mwezi wa Aprili gari la abiria la Nairobi na Mombasa lilisimamishwa, likaanza tena tarehe 13 Julai. Lakini magari ya mizigo hayakusimama. Na mahali mzigo unapopita yupo dereva, yupo mwangalizi wa ishara, yupo fundi wa karakana, na yupo mtu wa genge anayekaza misumari ya mataruma juani. Wakubwa wengi walifanya kazi nyumbani kwa simu. Hakuna mtu anayeweza kukaza taruma kwa simu.

Wengi wetu tumetoka Nchiru na vijiji vingine vya Tigania. Reli haifiki kwetu. Mwisho wake upande huu ni Nanyuki, na kutoka hapo ni gari la barabara. Kwa hiyo kazi yetu iko mbali na wazee wetu wako nyumbani. Kuanzia tarehe 6 Aprili mpaka tarehe 7 Julai 2020 njia za kutoka Nairobi zilifungwa, na mtu aliyefiwa na mzazi hakuweza kwenda kumzika ila kwa kibali. Mazishi yenyewe yaliwekewa mpaka wa watu 15. Nchiru ni mahali pa baraza la Njuri Ncheke, mahali ambapo neno zito husemwa mbele ya watu wengi. Kumzika mzee kwa haraka mbele ya watu 15 lilikuwa jambo lisilojulikana kwetu. Tuliyavumilia hayo yote. Sasa tunataka kujua tulijifunza nini.

WALIOLAZWA WALIKUWA NANI?

Katika siku zile tuliambiwa na kila mtu kwamba ugonjwa huu ni wa wazee, au wa wazungu, au wa matajiri waliopanda ndege. Hesabu za hospitali zinasema vingine.

Madaktari wa Kenya waliandika habari za wagonjwa 787 waliolazwa katika hospitali sita za nchi hii, za serikali, za misheni na za watu binafsi, na kazi yao ilichapwa mwaka 2022. Nusu ya wagonjwa hao walikuwa na umri usiozidi miaka 43. Kwa kila mia, 64 walikuwa wanaume. Yaani ukimtafuta mgonjwa wa kawaida wa Korona katika hospitali zile, utamkuta mwanamume wa umri wa kufanya kazi, mwenye watoto shuleni. Ni umri wetu huo.

Si wote waliokuwa wakiumwa. Wakati ule wa mwanzo Serikali ililaza hata mtu aliyepimwa akaonekana ana virusi bila dalili yoyote, na ndiyo maana wenye dalili katika wale 787 walikuwa 58 tu kwa kila mia. Kikohozi kiliwapata 43 kwa kila mia. Kupotewa na ladha au harufu, 35. Waliohitaji chumba cha wagonjwa mahututi walikuwa 11 kwa kila mia, na 7 waliwekewa mashine ya kupumulia. Waliokufa walikuwa watu 107, yaani 14 kwa kila mia.

Sasa, ndugu, someni hapa polepole. Katika wale 787, wagonjwa 43 kwa kila mia walikuwa na ugonjwa mwingine tayari: 17 walikuwa na maradhi ya moyo na mishipa, 15 walikuwa na sukari, 7 walikuwa na virusi vya ukimwi. Na hatari ya kufa kwa mtu mwenye ugonjwa mwingine ilikuwa zaidi ya mara mbili ya yule asiyekuwa nao. Kupita umri wa miaka 60 kuliongeza hatari kama mara moja na nusu. Uzee ni hatari kweli, lakini presha na sukari zilizidi.

Uzee hakuna wa kuuzuia. Presha na sukari zinapimika kwa dakika chache, na dawa zake zipo. Lakini ni wangapi kati yetu tuliokwisha kupimwa mwaka huu? Dereva wa magari hupimwa macho kwa sababu bwana mkubwa anaogopa ajali. Mtu wa genge, mfagiaji wa mabehewa, mama anayekata tiketi, nani huwapima damu?

NI NINI KILICHOAMUA NANI ATAPONA?

Korona ilipomshika mtu vibaya ilishuka mapafuni. Vile vifuko vidogo vinavyopokea hewa vilivimba na kujaa majimaji, na oksijeni haikuweza kuingia katika damu. Ubaya wake ni kwamba wengine hawakujisikia kuishiwa pumzi upesi. Mtu alikaa kitandani, anaongea na simu, anacheka, kumbe hewa katika damu yake imeshuka sana. Alipokuja kuhema kama aliyepanda mlima, viungo vingine vilikuwa vimeanza kuchoka.

Kwa sababu hiyo, jambo lililookoa watu wengi lilikuwa la kawaida sana: oksijeni, mapema. Tena mwezi wa Juni 2020 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya majaribio makubwa ya dawa iitwayo deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Ilipunguza vifo kwa theluthi moja katika wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa sehemu moja ya tano katika wale waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Mtu ambaye hakuhitaji oksijeni haikumfaa. Basi tazameni: hata dawa yenyewe ilimfaa yule aliyefika mahali penye oksijeni.

Sasa penye oksijeni palikuwa wapi? Ugonjwa ulipoanza, watafiti walihesabu katika Kenya nzima vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia 256. Katika kaunti 47, ni 22 tu zilizokuwa na chumba cha namna hiyo. Si ajabu basi yaliyoonekana katika uchunguzi mwingine, uliofanywa mwaka 2020 katika hospitali 64 za nchi kumi za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Wagonjwa mahututi zaidi ya 3,000 waliandikwa. Katika siku 30, 48 kwa kila mia walikufa. Wastani wa dunia ulikuwa kama 31. Virusi vilikuwa vile vile, na mapafu ya Mwafrika hayana kasoro. Watafiti wenyewe walisema upungufu wa vyombo na wa watu wa kuvitumia ulikuwa sehemu ya sababu.

Na hao watu wa kuvitumia walikuwa katika hali gani? Mwezi wa Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa Korona, alikufa kwa ugonjwa huo huo huku mishahara yake ya miezi kadhaa haijalipwa. Tarehe 7 ya mwezi ule wauguzi na maofisa wa kliniki waligoma, na tarehe 21 madaktari wakafuata. Waliomba vifaa vya kujikinga, bima ya matibabu na haki zao. Wako waliowalaumu. Sisi hatuwalaumu. Mtu aliyetumwa kuzima moto bila ndoo ana haki ya kudai ndoo.

Twatoa mfano mmoja, bila jina na bila mahali, maana tunatafuta funzo na hatutafuti mtu wa kumtukana. Ndugu mmoja alikuwa kibarua wa genge chini ya mkandarasi, analipwa kwa siku. Katikati ya mwaka 2021 alianza kukohoa. Hakusema neno, kwa kuwa aliyesema alirudishwa nyumbani, na aliyerudishwa nyumbani hakulipwa. Alifanya kazi siku sita na homa mwilini. Siku ya saba alipanda matatu ya usiku kuja nyumbani, akalala kwake siku mbili akinywa maji ya tangawizi na ndimu. Alipopelekwa hospitali hakuweza kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Walimpima damu, wakakuta sukari iko juu sana. Mkewe alisema hakuwa na sukari. Ukweli ni kwamba hakuwahi kupimwa. Alipewa oksijeni, lakini siku ya tatu alikufa. Alikuwa na miaka 41.

Hesabuni wenyewe ni mara ngapi alichelewa. Alichelewa kujua ana sukari. Alichelewa kuacha kazi kwa kuogopa njaa. Alichelewa kufika hospitali kwa kuwa iko mbali na aliogopa gharama. Wazee husema, mficha maradhi, kilio kitamfichua. Maneno ya wazee ni kweli. Lakini sisi chama tunaongeza swali: ni nani aliyemfanya afiche?

CHAMA KIDAI NINI

Hatutaki mkutano mwingine wa kulia. Tunataka mambo manne yaingizwe katika mapatano yajayo na wakubwa wa kazi.

Kwanza, siku za ugonjwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili, akileta cheti cha daktari. Hicho ni kiasi cha chini kabisa. Hakuna sheria inayokataza kupatana zaidi. Mwaka 2020 mtu aliyeonana na mgonjwa aliambiwa ajitenge siku 14. Siku zote za sheria zilikwisha kabla hajaanza kuumwa! Na waliolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi katika zile hospitali sita walikaa humo wastani wa siku 11, hapo hujahesabu siku za kupata nguvu. Tudai kwamba siku za kujitenga kwa amri ya Serikali zisihesabiwe katika siku za ugonjwa, na kwamba zilipwe kwa ukamilifu. Vibarua wasisahauliwe. Sheria ile ile inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Wengi hawajui, na wanaojua wananyamaza. Makatibu wa matawi waisome na kuifafanua.

Pili, kupimwa. Kila mfanya kazi, wa ofisini na wa njiani, apimwe presha na sukari walau mara moja kwa mwaka, mahali pa kazi, katika saa za kazi. Matokeo yawe siri yake na daktari. Pasiwe na mtu wa kuachishwa kazi kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Hilo likitokea mara moja tu, hakuna atakayekubali kupimwa tena.

Tatu, kamati za usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Je, kamati ya kwenu imekutana lini? Iulizwe kuhusu madirisha ya vyumba vya kupumzikia madereva, maji na sabuni katika karakana, na watu kulala wengi katika chumba kimoja kambini. Tena kila sanduku la huduma ya kwanza liwe na kile chombo kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni katika damu. Mgonjwa wa kikohozi na homa akionekana chini ya 94, aende hospitali bila kungoja. Chini ya 90 ni hatari kubwa. Chombo hicho ni kama taa ya ishara: ikiwa nyekundu, dereva habishani nayo.

Nne, hospitali zetu. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara anakatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi mia kwa bima mpya ya afya ya jamii. Fedha hizo ni jasho letu, na tuna haki ya kuuliza zinatununulia nini. Kutoka Nchiru mpaka hospitali kuu ya Meru ni kama kilomita 15, na hiyo ni afadhali. Kuna ndugu zetu ndani ya Tigania na Igembe ambao safari yao ni ndefu kuliko hiyo, usiku, kwa pikipiki. Tuombe serikali ya kaunti ituonyeshe ni zahanati na vituo vipi vya afya vyenye oksijeni inayofanya kazi leo, na mtungi ukiisha unajazwa kwa siku ngapi. Katika jambo hili tusimame pamoja na vyama vya wauguzi na madaktari. Wakidai mitungi, wanadai pumzi yetu.

NA SISI WENYEWE JE?

Itakuwa aibu kudai kwa wakubwa na kuacha yaliyo mikononi mwetu. Chanjo ya Korona ilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021, na kuchanja kukaanza siku mbili baadaye. Wengi wetu tulikaa tukisikiliza uvumi wa simu mpaka wimbi kubwa la katikati ya mwaka ule likatukuta bila kinga. Ikiletwa chanjo nyingine kwa ugonjwa mwingine, swali liulizwe kwa muuguzi, lisiulizwe kwa mtu asiyejulikana aliyetuma ujumbe.

Tangawizi na ndimu hatuzidharau, hutuliza koo. Lakini haziingizi oksijeni katika damu. Anayemwambia mgonjwa anayehema abaki nyumbani anywe dawa ya majani anachukua dhamana ya roho yake.

Mwenzako akikohoa, usimcheke wala usimkimbie. Mwambie nyapara pamoja naye, msiwe wawili mnaoficha. Tawi liwe na kisanduku cha senti chache za kila mwezi, ili kibarua mgonjwa aweze kukaa nyumbani siku tatu za kwanza bila watoto kulala njaa. Siku hizo tatu ndizo anazoambukiza wenzake, na ndizo anazojidanganya kwamba ni mafua tu. Na ukienda likizo nyumbani, kabla hujawapa wazee sukari na majani ya chai, waulize kama wamepimwa presha. Wanaovuka miaka 60 ndio wanaokufa upesi zaidi, na sisi ndio tunaowapelekea ugonjwa kutoka mjini.

Ndugu wanachama, Serikali ilihesabu katika nchi yetu wafu wa Korona zaidi ya 5,600. Wako wengine waliokufa vijijini bila kupimwa, wasioandikwa mahali popote. Hatuwezi kumrudisha hata mmoja. Lakini mkutano wa tawi unakuja, na kila mwanachama ataweza kusimama na kuuliza maswali manne: siku za ugonjwa ni ngapi, tutapimwa lini, kamati ya usalama iko wapi, na oksijeni iko wapi. Katibu atakayekosa jibu apewe mwezi mmoja kulitafuta. Mwezi ukipita, aulizwe tena mbele ya wote.